Koti la Themanini na Saba

Maurelle, mkataba wako nimeusoma mara tatu
juu ya meza ya jikoni, miwani puani.
Kurasa kumi na moja kwa ajili ya chupa ya pilipili.
Sekunde thelathini: uinue, utabasamu, ulambe kidole,
useme inawasha kama timu yetu.
Kwa hayo watakulipa
nilichokipata mimi kwa miezi minne
nikipakia magunia ya mchele hapa Opelousas.

Sina kijicho. Au ninacho kidogo,
kama punje ya mchanga ndani ya soksi:
mtu hutembea nayo.

Mwaka themanini na saba tulisafiri kwenda Iowa,
Januari, nami theluji sijapata kuiona
ila kwenye kalenda ya duka la dawa.
Bwana Haverkamp, muuza nguo, alinikuta kituoni
natetemeka ndani ya jezi na shati,
akanivika koti la sufu, la kijivu, vifungo vya mfupa.
Hakutaka saini. Hakutaka picha.
Alisema tu, "Utakufa, kijana."

Wazee watatu wenye tai waliketi kulijadili koti lile.
Waliliita manufaa yasiyoruhusiwa.
Walilipigia hesabu: dola sitini na mbili.
Na ukumbi wetu ulijaa watu elfu kumi na nne,
kila mmoja na tiketi yake, kila mmoja na soda yake;
kocha ana nyumba yenye bwawa;
jezi yenye namba yangu inaning'inia dirishani mwa duka la chuo,
bei ipo, jina halipo.
Mimi nilikuwa mchezaji wa ridhaa.
Ridhaa ya nani, sikuulizwa.

Nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wa karatasi,
nikalirudisha kwa posta, stempu nimenunua mwenyewe.
Msimu ukaenda bila mimi, na nafasi ya kusoma ikaufuata.
Chanda chema huvikwa pete;
changu kilivikwa plasta.

Kwa hiyo tia saini, mwanangu.
Ila ukurasa wa tisa, kifungu cha nne, kwanza weka kidole:
wanataka jina lako, sauti yako, sura yako,
ulimwenguni kote, milele,
kwa vyombo vilivyopo na vitakavyobuniwa.
Sura hiyo, Maurelle, si yako peke yako.
Hayo mashavu ni ya bibi yako Eulalie,
aliyefua mashuka ya hospitali hadi kucha zikamtoka,
na maisha yake yote akapigwa picha mbili.
Huo mwanya ni wangu.
Waambie miaka miwili. Milele ni ya Mungu,
na hata Yeye hajatuletea karatasi ya kusaini.

Na Zaiga je, anayekulisha pasi?
Viza yake inasema asome tu.
Akiishika chupa hiyo mbele ya kamera
watampandisha ndege ya kurudi Latvia.
Alipokuja kula kwetu nilimwona akiisoma lebo,
akaucheka uso wako, akajipakulia wali,
kisha akaiweka chupa mezani taratibu,
uso umegeukia ukuta.
Koti langu, naona, limepata mabega mengine.

Jumamosi nilikaa safu ya kumi na mbili.
Juu ya bango ulikuwa mkubwa kuliko lori.
Ukakosa mtupo huru wa kwanza.
Jamaa nyuma yangu, bisi zimemjaa mdomoni,
akapaza sauti: "Na hela zote hizo!"
Nikageuka. Nilitaka kumweleza habari za kodi,
za wakala na asilimia zake,
za ndoo ya barafu unamoingiza miguu usiku.
Nikamwambia tu, "Mimi nilikosa bure,
na bado mlinizomea."

Ukaudunda mpira mara tatu, kama tulivyozoea uani.
Kikapu sikukitazama.
Nilitazama vidole vyako,
viwili vimefungwa plasta nyeupe
isiyo na nembo ya mtu.