Joho la Kuchanika

Walikuja Julai, Kibo kajifunika siku ya tisa,
vijana watatu na dada mmoja mwenye daftari,
wakaegesha gari mbele ya baraza langu, Mtaa wa Chagga.
Fundi, tunataka joho.
La mahafali? La kwaya?
La shujaa, wakasema. Wa tamthilia.
Buluu ya barafu, lifike visiginoni.
Na tunataka lichanike.

Nikadhani nimesikia vibaya.
Miaka thelathini na mmoja nimekanyaga cherehani hii.
Nimeshona sare zikarithiwa na wadogo watatu,
ovaroli za gereji, kanzu ya padri wa Kilema,
na hakuna aliyerudi kusema mshono umeachia
ila Bwana Temu, naye alikuwa amenenepa.

Lichanike wapi?
Begani, kushoto. Sehemu ya sita.
Likivutwa mara moja tu, liachie.

Basi nikajifunza uzembe.
Siku nne nzima. Mkono ulikataa:
nikilegeza, vidole vinarudi vyenyewe kukaza
kama mbuzi aliyezoea njia ya zizi.
Mwishowe nikachukua uzi wa kushikizia, ule wa bei ya chini,
nikaupaka chaki ya buluu usionekane,
nikashona hatua ndefu, hatua za mlevi,
mwisho wake bila fundo.
Bila fundo!
Marehemu mama angenichapa kwa futi kamba.

Jumamosi, saa tatu usiku, Pasua, kwa Mama Ndeshi.
Watu kumi na saba, viti sita, Luku imebaki uniti mbili.
Mzizimo anatua juu ya paa la soko linaloungua,
anapuliza, na moto unaganda miiba miiba kama kioo,
na joho langu, jamani, joho langu
linapepea nyuma yake kama mto uliosimama wima.
(Ni feni. Dada wa daftari aliniambia.)
Kisha yule adui mwenye mkono wa chuma
anamjia kwa nyuma,
anashika bega la kushoto,
anavuta.

Likaachia.
Sauti waliiongeza wao, krraaa, kama bati;
uzi wangu haukutoa hata pumzi.
Na kumbe nguvu zake zote zilikaa humo johoni.
Hilo hawakuniambia.
Mzizimo akapiga magoti, mtu kama sisi,
akakohoa moshi wa soko,
mikono mitupu, viwiko vyembamba,
na moto ukakumbuka kazi yake.

"Fundi!" akapayuka Kaanaeli. "Ndiyo kazi yako hiyo?
Umemuua dada wa watu!"
Wakacheka hadi benchi likapinduka.
Nami nikacheka. Ungefanya nini?
Ungesimama mbele ya watu kumi na saba
ueleze kwamba huo ndio mshono mgumu kuliko yote,
kwamba kila tundu la sindano lilipimwa lisimame
mpaka dakika ile, na lisizidishe?

Nikangoja majina.
Yakapita mbio, siafu waliomwagiwa maji ya moto,
na kabla hayajafika kwa wa mavazi
umeme ukaisha.

Nyumbani nikamkuta Elifuraha anapanga mzigo gizani.
Jumatatu anapanda kwa lango la Machame
na kilo ishirini za watu wengine kichwani.
Alikuwa amelishika koti lake la mtumba mbele ya simu,
analimulika, analigeuzageuza.
Limeachia, mama. Begani.
Sikumuuliza upande.

Nikatafuta uzi mweusi wa viatu,
nikaukunja mara mbili, nikaupitisha kwenye nta,
nikashona nikirudi nyuma kila hatua,
nikapiga fundo.
Nikapiga jingine.
Yatosha, akasema, ni koti tu hilo.
Shika simu vizuri, nikamwambia, sioni.

Sehemu ya saba ni Jumamosi ijayo, saa tatu usiku.
Yeye atakuwa ameshuka, akijaliwa,
saa kumi jioni.