Mtungi wa Thelathini na Moja

Mfumo hauna kichwa, nilimweleza Tsisana kwa simu.
Akaguna:
"Sasa huo unakula kwa mdomo gani, mwanangu?"

Nikamwambia, ni kama mitungi yenu huko Sighnaghi:
imezikwa ardhini hadi shingo,
divai imelala gizani, haina uso,
haina habari na glasi wala mgeni.
Wewe andika tu, ujaze visanduku:
jina la mtungi, mwaka, mfinyanzi, ujazo, maelezo.
Mimi hapa Tbilisi, Gldani, ghorofa ya tisa,
nimekwisha simamisha kiunzi cha tovuti,
kurasa zina kuta, zina madirisha,
ndani hamna mtu.
Kilichobaki ni kata ya kuchotea.

"Kata," akasema. "Hiyo naielewa."

Kata yenyewe ni mistari kumi na minne ya msimbo.
Anwani ya hifadhi. Jina la mradi. Na ufunguo,
mkururo wa herufi zisizotamkika
nilioutia katika faili lisilotoka nje,
maana ufunguo ukianikwa uani
si ufunguo tena, ni tangazo.

Nikabisha. Mia nne na moja.
Nikabisha tena. Mia nne na moja:
sikujui, nenda zako.
Nikabisha kama mdai, nikabisha kama mkwe,
chai ikapoa, lifti ikaacha kupanda,
hata saa saba za usiku nikaona
mwishoni mwa ufunguo pana nafasi moja,
si herufi, si nukta, nafasi tupu,
ndiyo iliyonifungia mlango saa tatu nzima.
Kidogo si haba, kweli.

Nikaifuta.

Mabano yakafumbuka, mitungi ikaja
mmoja ndani ya mwingine, kwa mpangilio wake:
lita elfu moja na mia mbili, mfinyanzi Jumberi;
lita mia nane, mfinyanzi Jumberi;
lita elfu mbili, ufa shingoni, Jumberi.
Nikacheka peke yangu.
Bomba la joto likanijibu kwa kugugumia ukutani.

Kisha wa thelathini na moja. Maelezo:
*Huu aliuchoma mwaka alionioa. Ulipasuka tanurini.
Akakataa kuuvunja, akasema huu ni wetu, hauuzwi.
Siku ya nne baada ya mazishi niliondoa kifuniko,
nikaliita jina lake humo ndani, na*

Basi. Imeishia kwenye "na".

Nikaelewa nilichofanya.
Kwa haraka zangu niliomba ufunguo mkubwa,
ule unaosoma hata rasimu,
hata kile ambacho mwenyewe hajakitoa mdomoni.
Nilikuwa nimeingia chumbani kwa mtu
nikidhani ni ukumbi.

Nikaubatilisha. Nikaomba mdogo,
unaochota kilichochapishwa tu.
Na papo hapo ukurasa ule ukaanguka,
skrini nzima nyekundu: maelezo hayajulikani,
hayajulikani, hayajulikani.
Nikaandika mstari wa kumi na tano:
kama hakuna neno, usilie, usibuni,
acha nafasi.
Nafasi, ile ile niliyoilaani saa saba.
Ukurasa ukasimama.

Asubuhi akapiga.
"Imeungana?"
"Imeungana."
"Na unaona kila kitu?"
"Naona ulichochapisha."
Birika lake lilipiga mluzi kwa muda mrefu, hakuliondoa.
"Ule wa thelathini na moja. Una mahali pake?"
"Nimeuachia nafasi."
"Ya maneno mangapi?"

Sikuwa nimeweka kikomo. Nikamwambia hivyo.
Akasema vema, theluji imezidi, akakata.

Kabla sijalala niliunga na kengele:
akibonyeza "chapisha" kule juu mlimani,
huku kwangu inalia, kurasa zinajijenga upya.
Ilikuwa Jumatano.
Leo ni Jumatatu, naosha vyombo
na mlango wa jikoni nimeuacha wazi.