Mpiga Ngoma ya Saa

Baba yangu Tokizo alikuwa mpiga ngoma wa ngome,
mtu wa cheo cha chini: upanga wa kurithi
na mchele usiotosha watoto watano.
Kazi yake ilikuwa kutangaza saa.
Na saa zetu, mjukuu wangu, zilikuwa hai:
kiangazi zilijinyoosha kama paka juani,
kipupwe zikajikunyata.
Jua liliamua, baba akafuata.

Miaka mia mbili na zaidi tulikuwa tumefunga mlango.
Ukabishwa hodi kwa mdomo wa mzinga.

Ngome ikanadiwa, mbao kwa kipimo, misumari kwa ratili.
Ngoma aliichukua muuza chumvi, akaifanya pipa.
Baba akakata kishungi chake, akakikunja katika karatasi,
akakilaza pale ulipolala upanga.

Kisha amri ikashuka kutoka mji mkuu:
mwezi wa kumi na mbili ukazikwa una siku mbili tu,
na mshahara wake ukazikwa nao.
"Nani kazila siku zangu?" aliuliza baba.
Tangu hapo saa zote zikawa sawa,
kama matofali.

Mimi nikapelekwa kiwanda cha hariri.
Majirani walinong'ona: wageni kule hunywa damu ya wasichana.
Kumbe divai.
Damu ilinywewa, ila si kwa bilauri.
Honi ya mvuke ilituamsha gizani;
vifukofuko vikacheza katika maji ya moto
nami nikatafuta ncha kwa vidole vilivyopikwa,
uzi mwembamba kuliko neno la kuaga.
Uzi ule ulivuka bahari, ukarudi reli,
ukarudi tanuri, ukarudi manowari.

Wasema nchi ilijengwa na mabwana wenye masharubu.
Sibishi. Walipita siku moja kutukagua.
Kiyose alikuwa akikohoa; akafichwa stoo
mpaka gari lao lilipoondoka.

Mwaka wa tatu nilirudi na fedha kiganjani.
Baba alizihesabu, akazihesabu tena,
akatoka bila kusema,
akarejea na saa ya ukutani.

Kila jioni ya kiangazi
aliusukuma mshale nyuma kwa kidole, kidogo tu,
jua lipate nafasi.
Alfajiri mama aliurudisha,
nisije nikachelewa treni.