Pejo ya Baba Mkubwa

Jumamosi, mjini Paysandú, umande haujakauka,
nasukuma geti kwa goti, mikono imejaa:
lita nne za oili, filta,
plagi nne nimezifunga ndani ya soksi zisigongane.

Ndani ya banda imelala Pejo mia tano na nne,
ya mwaka themanini na mbili, rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai.
Mwenyewe kaketi juu ya kreti la bia,
baba mkubwa Eleuterio, macho yamejaa ukungu.
Haoni namba ya gari, haoni uso wangu,
lakini sikio lake!
Lingesikia kutu ikitafuna.

"Umefungua nati bila kuipasha injini moto?"
"Nimeipasha, Baba Mkubwa."
"Dakika ngapi?"
"Kumi."
"Kumi za nani?"

Oili inashuka nyeusi, uzi usiokatika.
Anaukinga kwa kidole, anasugua, ananusa.
"Hii bado ina uhai," asema,
kana kwamba namwonea.

Nabadilisha filta. Nakaza plagi kwa mkono kwanza,
kama alivyonifunza nikiwa na miaka tisa.
Napima tapeti, moja baada ya nyingine:
kile kibapa kipite kwa shida,
kama barua inayosukumwa chini ya mlango.

"Sasa ule mlio."

Ule mlio. Wiki tatu haujampa usingizi.
Kli, kila kona ya kushoto. Kli.
Amezilaumu bushi, nimezibadilisha.
Amezilaumu shokamzoba, hazina kosa.
Amenilaumu mimi, naye fundi wa zamani, marehemu.

Leo naufungua ubao wa mlango, skrubu saba,
ya saba imeliwa kichwa, naibembeleza kwa koleo.
Naingiza mkono hadi kwenye kiwiko:
vumbi, risiti, mbegu ya chungwa,
na kitu baridi, chembamba.

Mrija wa fedha.
Ule wa babu, wa kunywea yerba,
wenye herufi zake mbili zilizochongwa shingoni.

Simwambii. Namwekea kiganjani.

Mwaka tisini na nane, siku ya Pasaka, nyama ingali motoni,
alimwita baba yangu mwizi mbele ya wageni.
Baba aliiacha sahani yake imejaa,
akahamia Salto kuuza matairi.
Tangu hapo wameonana makaburini tu,
kila mmoja upande wake wa jeneza.

Kidole gumba kinapita juu ya herufi.
Kinarudi. Kinapita tena.
Jirani anafagia. Mbwa anakunywa maji. Mimi nafuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Tangi lina kiasi gani?"
"Nusu."
"Salto ni kilomita mia na ishirini."
"Mafuta yatatosha."
"Sijauliza kama yatatosha."

Akaenda kuvaa koti la harusini.

Basi mjue Pejo hii njiani.
Viti vyake vinakumeza hadi mabegani,
gia ya nne inaingia kama droo ya kabati la mtu nadhifu,
mashimo ya barabara inayapita kwa adabu, bila kuyataja.
Madirisha wazi. Ng'ombe, mikalitusi, ng'ombe.
Nilikuwa nikiimba, sikujua kama naimba.

Tukakata kona ya kushoto.
Akainamisha kichwa kuelekea mlangoni.
Kimya.
Nyingine. Kimya.
"Kazi nzuri," akasema, kwa huzuni,
maana sasa hakuwa na cha kusikiliza
ila midomo yake mwenyewe ikijaribu maneno:
Doroteo, mimi... La. Doroteo, ule mrija...

Harufu ya michungwa ikaingia. Salto imekaribia.
"Punguza mwendo," akasema. "Injini inachemka."

Nikatazama kipimo. Mshale umetulia katikati.
Sikubishana.
Nikarudi gia ya tatu.