Sitini na Sita, Nyekundu

Duka la Bharmal, mtaa wa masonara,
feni inazunguka bila kumpoza mtu.
Senti kumi ya shaba, tundu katikati,
pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu,
na jina la mfalme aliyeacha kiti
kabla taji halijagusa nywele zake.
Imefungwa ndani ya kisanduku cha plastiki
na karatasi juu: sitini na sita. Nyekundu.
Nikalipa laki tatu na nusu
bila kuuliza nyekundu ya nani.

Nyumbani, Ilala, nikaiweka dirishani
saa nne asubuhi, jua lisilo na adabu,
nikashika lenzi niliyoachiwa na fundi saa.
Shaba ambayo haijaguswa, ukiigeuza,
mng'ao wake hutembea,
kama upepo unavyopita juu ya mpunga.
Hii iling'aa mahali pamoja tu, imeganda,
kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta
siku ya picha ya shule.
Na mikwaruzo: myembamba, sambamba,
yote inaelekea upande mmoja,
mkono mmoja, kitambaa kimoja,
dawa ya meno pengine, au limau na majivu.
Hamsini na nane ningempa kwa huruma.

Nikarudi. Bharmal hakubisha,
na hilo ndilo lililoniuma.
Akavaa miwani, akafungua kijitabu cha dhamana,
akanisomea taratibu kama anayesoma wosia.
Tunadhamini daraja. Sawa.
Tukikosea, tutalipa tofauti ya bei. Sawa.
Kisanduku kikifunguliwa, dhamana imekufa.
Sijakifungua.
Shaba hubadilika rangi; rangi ya shaba haimo.
Akanyamaza. Akanisogezea chai.
"Ipeleke ng'ambo waitazame upya wenyewe.
Nauli juu yako, bima juu yako, miezi minne.
Wakikubali, nasema wakikubali, Bwana Mkwizu,
watakulipa kwa bei watakayoipanga wao."

Nikapiga hesabu nyuma ya stakabadhi.
Kuutetea ukweli kulinizidi bei
kuliko kuumeza uongo.
Ndiyo maana dhamana hulala usingizi mnono.

Hasira ilinifikisha Mnazi Mmoja kwa miguu.
Nilikuwa natunga maneno ya kumtukana
yule aliyekaa mezani huko ng'ambo, taa usoni,
akaiona mikwaruzo, akaandika sitini na sita
kwa sababu ilikuwa saa ya kula, au Ijumaa,
au mteja alikuwa mkubwa.
Katikati ya tusi
nikamkumbuka Mwalimu Tusajigwe wa Keko.

Rupia ya fedha, mwaka juzi.
"Haijaguswa, Mwalimu. Dhamana ni mimi."
Ukingoni ilikuwa na kovu:
mtu aliwahi kuivaa shingoni,
fundi akang'oa kipete, akaziba, akapiga msasa.
Nilijua.
Niliishika kwa vidole viwili nikimwonyesha,
kidole gumba juu ya kovu.

Hakukuwa na kisanduku, wala kijitabu.
Dhamana ya mdomo haina kifungu
cha kujifichia chini yake.

Jumamosi nikaenda na bahasha.
Alikuwa anasahihisha madaftari kibarazani,
kalamu nyekundu, ile nyekundu isiyo na shaka.
Nikasema yote, hata kidole gumba.
Hakuinua kichwa.
"Nililiona kovu wiki ileile.
Nikasema ngoja, nione na yeye ni wa daraja gani."

Sikumuuliza alikuwa amenipa ngapi.

Ile senti iko kabatini, kati ya hati ya kiwanja
na cheti cha ubatizo cha binti yangu.
Bado ni sitini na sita. Hakuna aliyeiambia.

Mwalimu akazihesabu noti mara mbili,
akilowesha kidole kwa ulimi.
Moja akaiinua kwenye mwanga,
akaifuata mikunjo yake hadi kwenye pembe
iliyounganishwa kwa gundi ya karatasi,
akanirudishia.
"Hii, badilisha."