Kidaka cha Saba

Wakija wageni huniuliza habari zake.
Hakuna aulizaye habari zao.

Basi nianze na mikono, maana ndiyo niliyoijua:
mikono ya Athumani Bwanaheri, fundi wa chokaa,
myeupe hadi viwikoni.
Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa na miaka tisa,
nikimpelekea kahawa juu ya jukwaa la miti,
naye kabla ya kunywa hupuliza vumbi kikombeni
asimchafulie mama chombo chake.
Alikuwa mwangalifu hivyo.

Chokaa yake haikupasuka.
Mafundi wengine wa Lamu waliloweka mwezi,
yeye miezi sita, shimoni nyuma ya nyumba yake Tandamuyu,
akisema chokaa ni kama mke mpya, haiharakishwi.
Wanaume barazani wakicheka.
Baba naye alicheka. Nilimsikia.

Alioa wanne. Wengine husema watano.
Wote wajane, wote watu wa kuja:
wa Siu, wa Faza, mmoja wa Kipini aliyeleta mikeka,
wenye dhahabu chache masikioni
na wasio na kaka.
Hakutazama sura. Alitazama nani atakuja kuuliza.
Kila mmoja alikaa msimu,
kisha: "Amerudi kwao,"
nasi tukalipokea neno lile
kama upokeavyo chenji kwa mtu unayemwamini,
bila kuhesabu.

Aliyehesabu ni Bi Tumu, jirani wa ukuta mmoja.
Hakuwahi kukaa darasani,
ila ndiye aliyempaka hina yule wa Faza,
na bibi harusi akiwa amenyoosha miguu hina ikauke
mtu hana la kufanya ila kutazama ukutani.
Masika ile akaingia kuomba moto,
akatazama tena, akatoka bila moto.
Akasema pale uchochoroni, kwa sauti ya kawaida:
"Zidaka hujengwa witiri.
Nani kaziacha shufwa?"

Vilikuwa saba. Vimebaki sita.
Na palipokuwa na cha saba
ukuta ulitoka jasho, duara la ukubwa wa sinia.

Askari walipopiga nyundo, plasta ilitoka nzima kama ganda la yai.
Ndani: vipuli, kitana, tasbihi, makubadhi.
Kisha wakaenda shimoni.
Sisi watoto tulifungiwa ndani siku mbili.

Alipovishwa pingu alisema jambo moja tu:
"Lifunikeni shimo, mvua itaiharibu chokaa."
Wakampeleka Mombasa. Wakamnyonga.
Huko hakuna la kusimulia, kamba ni kamba.

Ila chumba chetu cha ndani alikipaka yeye,
mwaka uleule, kwa chokaa ya shimo lile.
Baba hakubomoa. Kubomoa ni fedha.
Hakulizungumza, ila hakuegemea ukuta tena
mpaka alipokufa, ameketi wima katikati ya kitanda
kama abiria.
Mimi nilizalia humo watoto watatu.
Ukuta haujapata ufa hata leo.
Wageni huupapasa kwa kiganja, wakasema
siku hizi hakuna tena mafundi.

Nimekusanya nilivyoweza.
Wa Siu aliitwa Zena.
Wa Faza ni Tima binti Shee, alinisuka mara mbili,
mkono wake mzito, nililia.
Wa Kipini watu husema Somoe,
lakini Somoe twawaita wengi, labda hilo si jina
bali mtu kumwita tu mtu.

Wa nne sina.
Nina kilichosomwa mahakamani, karani akikohoa:
makubadhi jozi moja, ya kike,
ya kushoto imeshonwa upya kwa uzi mwekundu,
mshono mpya.

Uzi bado haujachafuka.
Mtu hashoni kiatu
ila ana mahali anapotaka kwenda.