Zamu

Kila mwaka, siku ya majeshi,
baba hutafunia upande mmoja.
Upande wa kushoto una pengo,
na pengo lile, nyumbani kwetu Al-Khoudh,
tunalistahi kama wengine wanavyostahi picha ya ukutani.

Televisheni inapitisha gwaride. Sauti ameizima.
Sikio lake la kulia lilibaki Dhofar;
la kushoto amelitunza kwa adhana
na kwa Rayyan, mjukuu wake, anayemuuliza
kwa Kiarabu cha shule: Babu, nishani yako huivai?
Naye humjibu kwa Kiswahili cha Tabora:
Iko kabatini. Haijanikaa.

Walikuwa wawili, wageni kwenye nchi ya babu zao:
yeye, na Msellem wa Chake Chake.
Kiarabu chao hakikutosha hata kuombea maji.
Sajini akipaza amri, wao hutazamana kwanza,
kisha hugeukia anakogeukia mwenye masharubu.
Wenzao waliwacheka. Halafu wakawazoea.
Halafu, kule mlimani, kharif iliposhuka
na ukungu ukamfuta mtu akiwa hatua mbili,
wawili hao waliitana kwa Kiswahili redioni,
na kikosi kizima kikajifunza kusema
nipo, na bado.

Usiku ule zamu ilikuwa ya baba, saa nane hadi saa kumi.
Jino likamwamkia. Shavu limeumuka kama andazi,
kichwa kinatwanga kama kinu cha jirani,
na Msellem kamwinamia na tochi, anacheka kwa huruma:
Pemba nzima inanuka karafuu, ndugu yangu,
na mimi leo sina hata chembe moja ya kukupa.
Basi lala. Nitakushikia zamu. Utanilipa kesho.

Yaliyotokea saa tisa siyaandiki.
Baba mwenyewe hayasemi. Husema tu
kwamba kwa mshindo ule jino liliacha kuuma,
na kwamba hajalisamehe.
Aliling'oa kwa koleo la fundi wa magari.

Barua kwa mama yake Msellem aliiandika mara nne.
Aliandika ushujaa, aliandika bendera,
aliandika mlima na jina lake.
Jino hakuliandika.
Jibu lilikuja baada ya miezi, kwa mwandiko wa mtu mwingine,
swali moja: Alikuwa amekula?
Baba akajibu, naam, wali na samaki wa kopo.
Hiyo ilikuwa kweli. Akaiapia mara mbili,
maana ndiyo kweli pekee aliyoweza kuifikisha mwisho.

Tangu hapo, usiku wa kuamkia siku hii,
saa nane, huvaa kofia yake ya jeshi
juu ya nguo za kulalia, akasimama getini
mpaka saa kumi. Marehemu mama
alikuwa akimpelekea chai, haulizi.
Mwaka mmoja gari la doria lilipunguza mwendo,
likashusha kioo, likakipandisha.

Mwaka huu magoti yamekataa. Alisimama ameshika ukuta.
Rayyan akatoka na blanketi, kimo kimeshampita babu,
akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:
Babu, nenda lala. Mimi nashika zamu yako.

Sikuwahi kumsikia baba akimfokea mtoto yule.
Usimshikie mtu zamu!
Taa ya jirani ikawaka.
Usimshikie mtu zamu, wewe, umenisikia?
Kisha akalishika shavu lake mwenyewe,
upande wa pengo, kama linauma,
akasogea kidogo,
akamwachia mtoto nafasi ya kuegemea.

Mimi nilikuwa jikoni, naichelewesha chai makusudi.
Nikawasikia gizani, mmoja anauliza saa,
mwingine anajibu:
bado.